Jinsi ya Kuandika Maoni Yenye Manufaa Kuhusu Mwongozo wa Picha wa Riwaya za Fantasia

Msomaji wa Mombasa anayetaka mwongozo wenye picha wa msururu wa riwaya za fantasia mara nyingi huununua bila kuuona. Vitabu vya namna hii ni vizito na ni ghali, na maduka ya vitabu ya mjini hujaza rafu zake zaidi kwa vitabu vya shule na vya dini. Kwa hiyo mtu huagiza kutoka Nairobi au ng'ambo, hulipa na gharama ya kusafirisha, kisha hungoja. Kinachomsaidia kuamua ni maoni ya waliokwisha kuusoma, na mengi ya maoni hayo hayamfai kitu. "Kitabu kizuri, picha mbaya" ni kauli inayoweza kuwa kweli tupu na bado isimjulishe mnunuzi iwapo atoe fedha zake au azizuie. Maelezo haya yanamlenga msomaji anayetaka kuandika maoni ambayo mwenzake ataweza kuyategemea, na vilevile yatamfaa anayesoma maoni ya wengine akitaka kujua la kuchukua na la kuacha.

Tambua aina ya mwongozo kabla ya kuuhukumu

Wengi wetu tuliopitia shule za sekondari nchini Kenya tulizoea miongozo ya vitabu teule: muhtasari wa kila sura, wahusika na sifa zao, maudhui, mbinu za uandishi, na maswali ya marudio. Mwongozo wa fantasia hautungwi kwa ajili ya mtihani. Kazi yake ni kuueleza ulimwengu uliobuniwa na mwandishi: historia yake, nchi zake, nasaba za wafalme wake, dini, mavazi, wanyama, vita vya zamani, na mambo yote ambayo riwaya yenyewe iliyagusa kwa sentensi moja ikapita. Anayelalamika kwamba mwongozo huo "hauna hadithi" amelalamikia kitu ambacho hakikuahidiwa, na maoni yake hayana uzito hata yakiandikwa kwa hasira kubwa.

Hata hivyo miongozo yenyewe haifanani. Upo ule ulioandikwa kama kitabu cha historia, unaosomeka toka mwanzo hadi mwisho. Mwongozo wa picha wa msururu wa The Wheel of Time, uliotolewa mwaka 1997 na Robert Jordan pamoja na Teresa Patterson, ni wa aina hiyo, na ule uitwao The World of Ice & Fire wa mwaka 2014, ulioandikwa na George R. R. Martin akishirikiana na Elio M. García Jr. na Linda Antonsson, pia ni wa aina hiyo. Upo mwingine uliopangwa kialfabeti kama kamusi, ambao mtu huufungua anapotafuta jina fulani kisha akaufunga. Msururu huohuo wa The Wheel of Time ulipata mwongozo wa namna hii mwaka 2015, baada ya riwaya zote kukamilika. Na ipo atlasi, ambayo msingi wake ni ramani na maelezo ni nyongeza tu, kama ile aliyoichora Karen Wynn Fonstad mwaka 1981 kuhusu ulimwengu wa Tolkien. Kumwambia mwenzako ni aina ipi kati ya hizi kunamwokolea nusu ya maswali yake, kwa sababu anayetaka kusoma kwa raha jioni hatafurahia kamusi, na anayetaka kukumbuka haraka jina la jemadari aliyetajwa vitabu vitatu nyuma atahangaika katika kitabu cha historia, hasa kama hakina faharasa. Faharasa itafute mapema, na kama haipo useme.

Taja ulipofika, na msururu ulipokuwa umefika

Maoni juu ya mwongozo yana mipaka miwili ambayo waandishi wengi huisahau. Wa kwanza ni wako: umesoma riwaya ngapi za msururu? Aliyesoma kitabu kimoja tu atauona mwongozo umejaa majina yasiyomhusu, na aliyesoma vyote mara mbili ataona nusu yake ni marudio. Wote wawili wanasema kweli, lakini msomaji wa maoni yao hawezi kuwapatanisha asipojua kila mmoja alisimama wapi.

Mpaka wa pili ni wa mwongozo wenyewe. Ule wa mwaka 1997 ulitoka wakati riwaya saba tu za msururu zilikuwa zimechapishwa, ilhali msururu ulikuja kukamilika kwa kitabu cha kumi na nne mwaka 2013, baada ya Jordan kufariki mwaka 2007 na Brandon Sanderson kuimalizia kazi yake. Mtu anayeununua leo baada ya kusoma vitabu vyote kumi na vinne hapaswi kushangaa akikosa humo mambo ya nusu ya pili, na anayeandika maoni akiuita "pungufu" bila kutaja mwaka ameudhulumu. Kwa upande mwingine, mwongozo uliotoka msururu ukiwa umekamilika huwa ni hatari kwa msomaji mgeni, maana maelezo ya mhusika yanaweza kuanza kwa namna alivyokufa. Jaribio lake ni jepesi: fungua maelezo ya mhusika mmoja mkubwa, soma sentensi tatu za mwanzo, uone kama zimetoboa siri ambayo riwaya ilichukua miaka kuificha. Kisha andika mwanzoni kabisa mwa maoni yako kwamba asiyefika kitabu fulani asiuguse mwongozo huu, bila wewe mwenyewe kuitoboa siri hiyo katika kuonya.

Picha: tenganisha mambo matatu

Hapa ndipo ugomvi mwingi unapozuka, na ndipo inapofaa kukaa zaidi. Mwongozo wa mwaka 1997 ni mfano mzuri, kwa kuwa wasomaji wengi waliupokea kwa shukrani kwa ajili ya maelezo yake kuhusu Enzi ya Hekaya, milki ya Artur Hawkwing, na nchi kama Seanchan na Shara ambazo riwaya zilizizungumzia kwa uchache, huku wakinung'unikia michoro yake ya watu. Manung'uniko hayo yalichanganya mambo tofauti, na kila anayeandika juu ya picha hukabiliwa na hatari ileile ya kuyachanganya.

Jambo la kwanza ni uaminifu: je, mchoro unalingana na maelezo yaliyoandikwa? La pili ni ustadi: je, mkono umechorwa kama mkono, uso una uhai, mwanga unatoka upande mmoja? La tatu ni faida: je, picha inaongeza kitu ambacho maneno hayakutoa, au imewekwa kujaza nafasi? Picha inaweza kuwa aminifu na dhaifu kwa ustadi; inaweza pia kuwa ya fundi hodari ambaye hakuisoma riwaya. Ukisema "mbaya" tu, mwenzako hajui ni ipi kati ya hizo.

Uaminifu unaweza kupimwa, na njia yake ni hii. Chagua wahusika wachache ambao riwaya imewaeleza kwa uwazi, pamoja na mahali pamoja na kitu kimoja, kama upanga au jengo. Nakili maelezo yao kutoka riwayani kabla hujaitazama michoro: umri, rangi ya ngozi, nywele, kimo, mavazi. Kisha weka karatasi yako kando ya picha. Kwa mfano, msururu wa Jordan una mabaharia wanaoitwa Atha'an Miere, ambao riwaya inawaeleza kuwa ni watu weusi waliozaliwa na kulelewa merikebuni, wenye pete masikioni na, kwa wengi wao, puani. Basi katika mwongozo wowote wa msururu huo unaowachora watu hao, swali la ngozi na la pete lina jibu katika maandishi, wala si suala la ladha. Msomaji wa pwani atapendezwa na swali hilo zaidi ya wengine, na ana haki ya kuliuliza, kwani wachoraji wa fantasia wamekuwa na mazoea ya kuwachora kwa uangalifu watu wa kaskazini yenye theluji na kuwaharakia watu wa nchi za joto, wakiwapa kilemba na kitambaa chochote kilichofungwa kiunoni.

Usimchague mhusika umpendaye kuliko wote kuwa kipimo. Kipenda roho hula nyama mbichi, na hakuna mchoraji atakayelingana na sura uliyoilea akilini tangu kitabu cha kwanza. Tofauti kati ya "hakuchorwa kama alivyoelezwa" na "hakuchorwa kama nilivyomwona mimi" ndiyo tofauti kati ya maoni yanayomfaa mtu mwingine na maoni yanayokufaa wewe peke yako. La pili unaweza kuliandika, mradi ulitaje kwa jina lake.

Angalia pia iwapo michoro ilichorwa kwa ajili ya mwongozo huo au ilikusanywa kutoka kwingine. Ule wa mwaka 1997 ulichapisha upya picha za majalada ya riwaya zenyewe zilizochorwa na Darrell K. Sweet, na kwa aliyekwisha kuwa na riwaya hizo nyumbani hiyo ni habari inayogusa mfuko. Ule wa mwaka 2014 ulitumia wachoraji wengi, miongoni mwao Ted Nasmith aliyechora ngome na mandhari, na matokeo yake ni kwamba mtindo hubadilika kadiri unavyofunua kurasa. Wapo wanaoupenda utajiri huo na wapo wanaoona ulimwengu mmoja umegawanywa vipande. Kwa maoni yangu mandhari huvumilia wachoraji wengi, lakini sura ya mtu mmoja ikitokea tofauti katika kurasa mbili humtoa msomaji katika hadithi.

Ramani ipimwe kwa uzi

Ramani nzuri kwa macho inaweza kuwa ramani mbovu. Tafuta riwayani safari moja ambayo siku zake zimehesabiwa, chukua uzi, uulaze juu ya njia yote pamoja na mikunjo yake, kisha uulinganishe na kipimo cha ramani. Msafara wa farasi wasiobadilishwa njiani ni nadra kupita kilomita 50 kwa siku, siku baada ya siku. Ukikuta jeshi zima lenye mizigo limekwenda mara tatu ya hapo, ama ramani imekosea ama mwandishi. Fonstad, ambaye fani yake ilikuwa jiografia, aliijenga atlasi yake kwa kusoma hivyo hivyo, akifuata siku za safari, miinuko na hata miamba, na mwaka 1991 akatoa toleo lililorekebishwa baada ya maandishi zaidi ya Tolkien kuchapishwa.

Wakazi wa Mombasa wana kipimo kingine ambacho wasomaji wa bara hawakifikirii, nacho ni bahari. Majahazi yalishuka huku kutoka Arabuni na Bara Hindi kwa kaskazi na kurejea kwa kusi, na nahodha aliyechelewa msimu alilazimika kungoja. Basi ukiona katika ramani ya fantasia bandari kubwa iliyowekwa kwenye pwani wazi isiyo na hori wala kisiwa cha kuikinga na mawimbi, au meli za tanga zinazokwenda na kurudi njia moja mwezi huohuo bila kutajwa upepo, una la kuandika. Ulimwengu wa kubuni una ruhusa ya kuwa na pepo zake, ila mwongozo unaojigamba kueleza kila kitu unapaswa kuzieleza na hizo. Kilindini ni bandari nzuri kwa sababu ya kina chake na kwa kuwa imeingia ndani, na mchoraji wa ramani anayelijua hilo hutambulikana haraka.

Msikilize anayesimulia

Miongozo mingine imeandikwa kwa sauti ya mwanachuoni aliye ndani ya ulimwengu wenyewe. Ule wa mwaka 2014 unasimuliwa na Yandel, mwanachuoni anayemwandikia mfalme, na wasomaji waliougundua ujanja huo waliufurahia, wakati wengine walilalamika kwamba kitabu "kinapingana na riwaya". Kinapingana nazo kwa makusudi. Anapofika kwenye vifo vya watoto wa nasaba iliyopinduliwa, Yandel anarundika uvumi huu na ule bila kumnyooshea kidole mtu ambaye msomaji wa riwaya anamjua, kwa sababu jamaa za mtu huyo ndio walioshika utawala.

Sisi hatuna sababu ya kulishangaa jambo hili. Habari za Pate, masimulizi ya kale ya kisiwa cha Pate juu ya utawala wa ukoo wa Wanabahani, zimetufikia katika nakala kadhaa zisizokubaliana juu ya miaka wala juu ya matukio, na mwanahistoria huzisoma akijiuliza kila mara nani alikuwa akisimulia na mbele ya nani. Utumie uangalifu huohuo. Ukikuta hitilafu kati ya mwongozo na riwaya, jiulize kwanza ni kosa la mhariri au ni upendeleo wa msimulizi, na uandike ni lipi unaloliona na kwa ushahidi gani. Ukurasa na sura vitajwe. Malalamiko ya hitilafu yasiyo na ukurasa hayahakikishiki.

Kitabu chenyewe katika hewa ya pwani

Maoni yanayoandikwa London au Chicago hayatakuambia kitabu kinafanyaje katika nyumba ya Mji wa Kale wakati wa masika. Vitabu vya picha huchapishwa kwa karatasi nyororo iliyopakwa dawa ili rangi zing'ae, na karatasi hiyo ikipata maji au unyevu mwingi kurasa hugandana, na ukizibandua kwa nguvu rangi hung'oka. Jalada gumu hupinda, na ukungu huanza kwenye uti wa kitabu. Kwa hiyo taja karatasi ni ya aina gani, na kama umekaa na kitabu msimu mzima wa mvua useme kimestahimili vipi. Usikifunge ndani ya mfuko wa plastiki kikiwa tayari na unyevu. Kisimamishe penye hewa, mbali na ukuta wa nje, na uweke kando yake vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu.

Fungua kitabu katikati utazame kama kurasa zimeshonwa kwa uzi au zimegundishwa kwa gundi tu, kwani kitabu kizito cha gundi hukatika mapema. Tazama pia picha na ramani zilizotandazwa kurasa mbili: mara nyingi mji mkuu wenyewe huwa umemezwa na mshono. Anayesoma toleo la kielektroniki kwa simu ana shida tofauti, kwa kuwa picha ya kurasa mbili hukatwa vipande viwili na maandishi ya ramani hayasomeki hata ukiyakuza. Kwenye kishikwambi kikubwa hali huwa nafuu. Sema ulisoma toleo lipi.

Kuandika, na kusoma ya wengine

Usianze kuandika siku uliyomaliza kurasa za mwisho. Usiku mmoja unatosha kupunguza furaha au ghadhabu. Anza na mpaka wa usomaji, kisha aina ya mwongozo, kisha lile lililo na nguvu zaidi katika kitabu hicho, liwe zuri au baya. Hakuna ulazima wa kuzigawia picha, ramani na maelezo aya zinazolingana. Ikiwa ramani hazina la kusema, sentensi moja inazitosha.

Linganisha "kitabu kizuri, picha mbaya" na maneno kama haya: "Nimesoma riwaya nne kati ya saba. Mwongozo ulitoka baada ya ya tano, na sura ya mwisho inataja kifo kilichomo humo, basi aliye nyuma ya hapo aiache. Historia ya visiwa vya kusini imeelezwa vizuri kuliko mahali popote riwayani. Michoro ya majengo ni ya ustadi, lakini malkia, ambaye riwaya ya pili inasema ni mzee mwenye mvi, amechorwa kama msichana. Hakuna faharasa. Ningekinunua kwa ajili ya historia. Kwa anayetaka picha za watu, asubiri akione kwanza mikononi mwa mwenzake." Hayo ni maneno machache, na kila moja linaweza kuhakikishwa na mtu mwingine.

Ukali hauhitaji matusi. Mchoraji atajwe kwa kazi yake, si kwa nafsi yake, na kazi hiyo ihukumiwe baada ya kujua aliombwa nini: aliyepewa ukurasa mdogo wa rangi nyeusi na nyeupe asilaumiwe kwa kukosa rangi, kwa kuwa uamuzi huo ulikuwa wa mchapishaji.

Unaposoma maoni ya wengine, weka kando kwanza yale yanayohusu posta iliyochelewa au kona ya jalada iliyobonyea, maana hayo ni ya muuzaji. Ya aliyepewa nakala bure yasome, ila ukijua hivyo. Wastani wa nyota haukuelezi mengi kwa kitabu ambacho nusu ya wasomaji walikitakia picha na nusu maelezo. Tafuta badala yake mtu mmoja aliyesimama pale uliposimama wewe katika msururu, anayetaka unachokitaka, na usome kwa makini malalamiko yake kuliko sifa zake. Watu watatu wasiojuana wakilalamikia ukurasa mmoja, omba kuonyeshwa ukurasa huo kabla ya kulipa. Wauzaji wengi wa vitabu hapa mjini hawakatai kumtumia mteja picha ya kurasa mbili tatu kwa simu, na ukimwomba muuzaji aipige picha ramani, mwombe aipige kitabu kikiwa kimefunguliwa wazi kabisa ili uuone mshono.